Kompyuta ya Mama na Katiba ya Kisima

Sisi tuliokulia mtaa wa Picha ya Ndege, pale Kibaha, wakati viwanja vingi bado ni mapori ya mikorosho tulikuwa watoto wa vumbi, na tulilipenda vumbi letu. Asubuhi tulikwenda shule na fagio za chelewa begani na dumu la maji mkononi, soksi tumezifunga kwa mpira wa baiskeli ili zisiteremke. Mchana tulirudi tukipitia kwa mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, ambaye aliipasua katikati na kuipaka chumvi na pilipili kwa kidole chake mwenyewe, na sikumbuki mtoto aliyeumwa tumbo. Jioni ilikuwa michezo ya rede na kombolela mpaka wazazi waanze kuita majina yetu, na kila mama alikuwa na mwito wake. Wa kwetu hakuita. Alisimama mlangoni akakunja mikono kifuani, basi. Mimi na dada yangu Tausi tulikihisi kile kimya chake hata tukiwa mbali, tukauacha mpira hewani na kukimbilia nyumbani.

Mama yetu aliitwa Mwanahawa, mzaliwa wa Msimbu kule Kisarawe. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja mjini Kibaha. Baba, mtu wa Iringa, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko Tunduma, kesho hajulikani, kwa hiyo nyumba kwa siku nyingi ilikuwa ya mama. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mtu ambaye ungedhani unaweza kumpuuza. Lakini akishaamua jambo, ilikuwa rahisi kuling'oa jiwe la msingi kuliko kumng'oa yeye. “Kushindwa kunakuja baada ya kujaribu,” alikuwa akituambia. “Kabla ya hapo ni uvivu.” Tulilisikia neno hilo tukililia hesabu za sehemu, tukizililia kuni mbichi zisizowaka, mpaka Tausi akawa anamwigiza nyuma ya mlango huku mimi nikijibana mbavu kwa kicheko.

Siku ofisi yao ilipoletewa kompyuta mpya, zile za zamani waligawiwa wafanyakazi waliozitaka. Wengi hawakuzitaka. Mama aliitaka. Ilikuja juu ya mkokoteni, imezungushiwa khanga na kufungwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali: kioo chenye kisogo kikubwa, kibodi iliyofutika herufi, na lile sanduku la chini, sipiyu, zito kama gunia la mpunga. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Mzee mmoja jirani aliuliza kama inashika taarifa ya habari. Mama akamjibu kwa adabu kwamba hii haishiki, hii inaandika.

Wenzangu wa rika langu mnajua heshima iliyopewa chombo cha namna hiyo. Ilitandikiwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu yake kitambaa kingine. Kuingia chumbani mwake ni mpaka unawe miguu. Hakuna kula karanga mbele yake. Ikiwashwa ilikohoa, ikanguruma, ikapiga mlio mmoja mfupi, halafu sisi tukakaa kimya tukisubiri picha itokee, kwa unyenyekevu ambao msikitini hatukuwa nao. Jumapili, kama vyombo vimeoshwa na sare zimepigwa pasi, tuliruhusiwa kucheza karata ndani yake, mmoja anashika, mwingine anaelekeza kwa makelele.

Lakini mama hakuileta kwa ajili ya karata. Aliileta kwa ajili ya kazi za jioni za kuchapa, na kazi aliyoipa uzito kuliko zote ilitoka kwao, Msimbu.

Kule, mama yake mzazi, Bibi Mwajuma, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kilichoitwa Tusichoke. Miaka hiyo maji Msimbu yalikuwa ni ya bondeni, kwenye shimo lililochimbwa kwa jembe, ambalo wakati wa kiangazi lilibaki na tope la rangi ya chai ya maziwa. Nilipokwenda likizo nilikuwa nashuka na Bibi alfajiri, tunakaa kwenye foleni ya ndoo, tunachota kwa kata, tunasubiri yajae tena, tunachota. Basi kukatokea wafadhili waliokuwa tayari kuchimba kisima cha pampu, kwa sharti moja: kikundi kiwe kimesajiliwa, na ili kisajiliwe kiwe na katiba.

Katiba hiyo ilijadiliwa msimu mzima kwenye baraza la madrasa. Kina mama wa Msimbu hawakukubali kifungu kipite hivi hivi. Kulikuwa na kifungu cha mwanachama atakayeruka foleni kwa kisingizio cha mtoto mgonjwa ilhali mtoto anaonekana akicheza. Kulikuwa na kifungu cha mwenye kuleta maneno ya kuambiwa kikaoni, faini yake kuku. Mwalimu mmoja wa pale aliwaandikia yote kwa mkono kwenye makaratasi, akayakabidhi kwa mama ili ayachape. Mama alichapa wiki kadhaa, kila akitoka kazini. Alipomaliza neno la mwisho alinyoosha vidole vyake, akasema, “Alhamdulillahi, bado kuichapisha tu.” Printa hatukuwa nayo. Ilibidi aihamishie katiba kwenye flopi, ile diski bapa ya mraba, aende nayo ofisini kwake.

Kabla hajaihamisha, mvua za masika zikafungua mlango.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka mvua ya bati bovu. Ilinyesha usiku na mchana, umeme ukakatika siku ile ya kwanza na haukurudi karibu wiki nzima. Maji yalianza kudondoka juu ya meza ile ile. Mama alirukia kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Sisi watatu tukalibeba lile sanduku, likigonga fremu ya mlango, tukaliinamisha na kulilaza kitandani kwake kama mzazi. Tuliporudi kwenye meza, makaratasi ya mwalimu yalikuwa yamelowa, wino wa bluu umeogelea wote, halisomeki hata jina la kikundi. Mama aliyashika, yakakatikia mkononi kama chapati ya maji. Akasema, “Si neno. Katiba iko ndani.”

Umeme ulirudi Jumatatu. Tukairudisha mashine mezani, tukakausha kila kitu, mama akawasha. Ikakohoa, ikanguruma. Kisha kioo kikabaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa Kizungu cheupe.

Tausi, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye Kiingereza kuliko wote, alikisoma kwa sauti. “Inasema hakuna buti divaisi.”

“Buti?” mama akauliza.

“Buti, mama.”

Mimi nilikwenda kuleta kamusi. Nikafunua, nikaweka kidole, nikasoma: buti, kiatu kirefu cha ngozi. Tulitazamana. Kwa dakika nzima tulikuwa familia inayotafuta kiatu cha kompyuta. Tausi ndiye aliyeanza kucheka, nami nikafuata, tukacheka mpaka tukaketi sakafuni. Mama hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kioo cheusi kama mtu aliyeambiwa msiba na hataki kuamini mjumbe.

Maana Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kupeleka katiba kwa afisa maendeleo ya jamii kule Kisarawe. Wasingeipeleka, mitambo ya kuchimbia ingekwenda kijiji kingine.

Jambo la kwanza alilolifikiria ni flopi. Mara nyingi ofisini, mtu akisahau flopi ndani, mashine ililalamika ikiamka. Akabonyeza, na kweli ikatoka flopi moja. Tukashangilia kama tumefunga goli. Akazima, akawasha. Kioo cheusi, mstari ule ule. Shangwe ikatuishia mdomoni.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda Maili Moja kumwita Fundi Shabani, aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni za watu. Fundi alikuja na begi lake, akaiwasha mashine, akaizunguka, akaiinamia, akaigonga kidogo kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Halafu akajinyoosha.

“Mama Tausi, nikikwambia nakijua hiki kitu nitakuwa nakudanganya,” alisema. “Ningeweza kuifungua nikajifanya najua, halafu nikakuharibia. Wapo mafundi wa hizi huko mjini Dar, lakini watakwambia uiache mwezi.”

“Mwezi sina, fundi. Nina mpaka Ijumaa.”

“Basi labda ukubali tu imekufa. Ya zamani hii.”

Mama akaigeukia mashine. “Umeisikia inanguruma?”

“Nimeisikia.”

“Maiti hangurumi,” mama akasema. “Niazime bisibisi yako ndogo.”

Fundi Shabani akacheka, akafungua begi, akampa bisibisi mbili, na akamwonya achomoe waya ukutani kabla hajagusa kitu. Hata chai alikataa, akasema atainywa siku mashine ikiamka.

Mchana ule mama alikitoa chini ya kitanda kile kitabu kinene cha mwongozo kilichokuja pamoja na mashine, ambacho sisi tulikuwa tukikaushia majani ya somo la sayansi. Akatandika mkeka, akavaa miwani yake ya kuchapia, akatuita. Tausi asome, mimi nitafute kwenye kamusi, yeye afikiri. Ndivyo alivyotugawia kazi. Nje watoto wenzetu walikuwa wakipiga kelele za rede, likizo imenoga, nasi tumefungiwa na Kizungu cha mashine. Nilitamani kulia. Lakini ukurasa baada ya ukurasa, mambo yakaanza kujitenga kama mchele na chuya.

“Sikilizeni,” mama akasema hatimaye, akivua miwani. “Hii ikiamka haijui kitu. Kila kitu chake kimelala kwenye ile diski kubwa ya ndani. Akilini inabaki na jambo moja tu, pa kwenda kubisha hodi. Inabisha kwenye flopi. Isipojibiwa, inabisha kwenye diski ya ndani. Sasa imebisha kote, hakuna aliyeitikia karibu. Hiyo ndiyo buti yao. Si kiatu.”

“Kwa hiyo diski imekufa?” nikauliza.

“Sijui. Labda mwenye nyumba amekufa. Au yupo, ila njia ya kufikia mlango wake imeharibika. Tuanze na njia.”

Mwongozo ulisema kuna chumba cha ndani cha kupangia mambo, wenyewe wakikiita setapu, na kukiingia lazima ubonyeze kitufe fulani mara tu mashine inapopiga ule mlio mfupi. Ukichelewa kidogo, umekosa. Kazi hiyo alinipa mimi kwa sababu nilikuwa bingwa wa mdako, na mchezo wa mdako, kama mnavyojua, ni wa mkono mwepesi. Nilikosa, nikakosa tena, jasho likanitoka. Tausi akataka ashike yeye, mama akamzuia. Kisha nikaupata. Kioo kikageuka bluu yote, na maandishi yakajaa.

Huko ndani saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma mpaka mwaka ambao mimi sijazaliwa. Na palipotakiwa kuandikwa diski ya ndani, paliandikwa kwamba hakuna. Mama aliiamuru iitafute. Ikatafuta. Hakuna. Akaiamuru tena. Hakuna.

“Haya,” akasema, akazima na kuchomoa waya ukutani. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mikorosho. “Kesho tunafungua.”

Kesho yake, kabla hatujamaliza uji, tukasikia hodi, na aliyeingia alikuwa Bibi Mwajuma mwenyewe, na ushungi wake na kapu la mihogo. Tulikuwa tunamtegemea Alhamisi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Weye mke mwenzangu, mbona umekonda? Mume wetu hakulishi?” Huo ndio ulikuwa utani wake na mimi, ijapokuwa babu alikuwa ameshafariki. Kisha akamgeukia mama. “Mwanahawa, nimekuja mapema, usingizi haukamatiki. Kina mama wananiuliza kila kukicha. Katiba iko wapi?”

Mama hakumficha. Alimweleza mvua, makaratasi, na kioo cheusi. Bibi alikaa kwenye mkeka polepole. Hakugomba. Hilo ndilo lililotuogopesha, kwa sababu Bibi alikuwa mtu wa kugomba.

“Msimu mzima tumekaa kwenye baraza lile,” akasema. “Watu wameacha mashamba. Miye nikawaambie nini?”

“Hujawaambia kitu bado, mama. Ngoja kwanza.”

“Unaweza weye kuitengeneza?”

“Sijui,” mama akasema, akiwa ameshapiga magoti mbele ya sanduku na bisibisi mkononi. “Lakini nimeanza.”

Skrubu za nyuma zilikuwa zimeshika kutu. Mama alizitia mafuta ya nazi kwa unyoya wa kuku, akangoja, akazungusha. Moja ilikataa kabisa, mpaka akafunga mkono kwa khanga na kuegemea kwa uzito wake wote, nayo ikaachia kwa mlio uliomshtua Bibi akasema “Bismillahi!” Kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na vumbi la Kibaha yote, utando wa buibui, na kwenye kona, yamepangwa vizuri, mayai madogo meupe ya mjusi.

“Kumbe ina wapangaji,” Bibi akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile tukacheka wote, hata mama.

Alitoa vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi. Tausi alishika mwongozo wazi kwenye ule mchoro wa ndani, na mimi nikafuata mchoro kwa kidole, nikilinganisha. Diski ya ndani ilikuwa ile bati iliyofungwa pembeni, inalingana na kitabu cha Msahafu mdogo. Kutoka kwayo ulitoka waya mpana bapa kama utepe, rangi ya kijivu, ukaenda kuchomekwa chini kwenye ubao wenye njia nyingi za shaba. Ndivyo mchoro ulivyosema. Lakini wa kwetu haukuchomekwa. Upande mmoja ulishikilia, upande wa pili ulikuwa umenyanyuka, umetoka kidogo tu, pengo la kupitisha ukucha.

Mama akalitazama lile pengo. “Tulipoibeba,” akasema taratibu. “Ikagonga mlango.”

Akasukuma kwa vidole gumba viwili. Haukuingia. Akaangalia upya, akauweka sawa, akasukuma tena, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka tukasikia kitu kinaitikia, tik.

Hatukurudisha hata kifuniko. Tukachomeka waya ukutani, mama akanitazama, nami nikaweka kidole changu juu ya kitufe. Mlio. Nikabonyeza. Kioo cha bluu. Mama akaiamuru itafute diski, na safari hii ilitafuta kwa muda mrefu zaidi, halafu pale palipokuwa pakisema hakuna, yakatokea maandishi na tarakimu za jina lake. Ipo! Mama akapanga saa, akapanga na hodi ipi ianze, akahifadhi. Kioo kikawa cheusi. Diski ikaanza kukwaruza ndani ya lile sanduku lililo wazi, kr-kr-kr, kama kuku anayechakura, na picha ya rangi ikajaa kwenye kioo chetu.

Tausi alipiga kigelegele. Bibi akauliza, “Ndiyo imepona?” Kabla hatujamjibu, taa ya chumbani ikafifia na kurudi.

Mawingu yalikuwa yamefunga tena upande wa Mlandizi. Kila mtu aliyekua wakati ule anajua maana ya taa kufifia namna ile. Mama hakupoteza hata neno. Alichomeka flopi, akaitafuta katiba, akaipata, akaamuru inakiliwe. Flopi ilisaga polepole, polepole mno, na mstari mdogo ukatambaa kwenye kioo kama konokono. Taa ikafifia tena. Bibi alianza kusoma dua kwa sauti ya chini, sisi tukaitikia amina bila kuondoa macho. Mstari ukafika mwisho. Mama akaifungua katiba moja kwa moja kutoka kwenye flopi, ahakikishe, akashuka nayo mpaka kifungu cha mwisho, akaitoa, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Umeme ulikatika tukiwa tunarudisha kifuniko. Ulikatika kwa kishindo, pamoja na radi, na giza la mawingu likaingia chumbani. Mama alikaa chini, akaegemea ukuta, akaanza kucheka peke yake huku machozi yakimtoka, na sikuwahi kumwona hivyo kabla. Bibi akamvuta kichwa akakilaza begani kwake, kama mtoto.

Alhamisi umeme ulirudi, mama akachapisha ofisini, na alfajiri ya Ijumaa tuliondoka wote kwenda Msimbu, tukipitia Dar ndipo turudi Kisarawe, kama mtu anayejikuna sikio la kushoto kwa mkono wa kulia. Kina mama walikuwa wameshakusanyika barazani. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alitaka isomwe mbele ya wote kabla hawajatia sahihi na dole gumba, na akasema msomaji atakuwa mke mwenzake. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye faini ya mleta maneno, mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma alinyoosha mkono.

“Hapo tulisema kuku jike. Ukiandika kuku tu, mtu ataleta jogoo mzee.”

Wakakubaliana kwa kelele kwamba ndivyo walivyosema. Mama akachomoa kalamu, akaongeza neno lile kwa mwandiko wake mzuri, na ndipo wakatia sahihi. Mchana ule ule Bibi na wenzake wawili waliifikisha kwa afisa. Sisi tulibaki tukila ubwabwa na kisamvu cha nazi, na mama akalala usingizi mzito ukumbini mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku za homa.

Mitambo ilikuja baada ya mvua. Siku pampu ilipofunguliwa nilikuwepo. Maji yalitoka mekundu kwanza, kisha ya maziwa, kisha yakawa safi, na kina mama wa Tusichoke hawakungoja hotuba ya mtu. Walivua viatu wakaingia.

Kompyuta yenyewe ilituhangaisha bado. Kila ikikatiwa umeme ilisahau tena kila kitu, saa ikarudi zamani, hadi mama alipogundua kwenye mwongozo kwamba kuna betri ndogo kama sarafu inayoitunzia kumbukumbu, nayo ilikuwa imekwisha wakati wa wiki ile ya giza. Fundi Shabani alimtafutia nyingine Kariakoo, akaja kuitia yeye mwenyewe, akanywa ile chai yake. Mashine iliishi miaka mingine mingi. Tausi aliandikia humo barua zake za kuomba chuo.

Leo mimi ni mtu mzima, naishi hapa hapa Picha ya Ndege. Pale tulipochezea rede pana ghorofa, na muuza mihogo nasikia watoto wake wamehamia Chalinze. Mama yupo, amestaafu, Alhamdulillahi. Bibi tulimzika Msimbu. Na watoto wetu, wenzangu, ni watoto wazuri, nisiwaseme sana. Wanajua mambo ambayo sisi hatukuyaota. Lakini intaneti ikizubaa kidogo, wanashika vichwa kama wamefiwa. Chombo kikigoma, neno la kwanza ni “kimekufa,” la pili ni “tununue kingine.” Kati ya maneno hayo mawili sisi tulikuwa na likizo nzima.

Wiki iliyopita kompyuta ya mkononi ya mwanangu ilikataa kuwaka. Nzuri, nyembamba kama sahani. Akaniambia kwa upole, “Mama, usijisumbue, hizi haziponi,” akarudi kwenye simu yake. Nikasema nijaribu kwanza. Nikavaa miwani, nikatandika kitambaa mezani, nikaigeuza chali, nikaipapasa pembe zote nne, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Haikuwa na skrubu hata moja.